Gari la Mbio na Mafuta ya Mbarika

Juzi mjukuu wa jirani yangu alibandika sufuria ya mafuta ya mbarika jikoni, akaenda kupiga soga barabarani, akayasahau. Moshi ulipopita juu ya ukuta watu walitoka nje wakilalamika. Mimi nilisogea karibu. Nilisimama pale nikivuta ile harufu nzito, tamu kidogo, kali kidogo, mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi mjini Kasongo, mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, nimesimama mlangoni mwa garaji, na baba yangu ameinama ndani ya gari jekundu hata uso hauonekani.

Ninyi wa umri wangu mnayakumbuka mafuta hayo kwa sababu nyingine. Wakati wa Wabelgiji mtoto akivimba tumbo alipelekwa kwa masista wa dispensari, akabanwa pua, akamiminiwa kijiko kizima. Ndiyo maana niliposikia kwamba gari la Bwana Polepole linakunywa mafuta ya mbarika, nilijua lina minyoo, nikalihurumia.

Bwana Polepole ni jina tulilompa sisi. Alikuwa Mzungu mfanyabiashara, mnunuzi wa pamba na mchele, mwenye duka, ghala na garaji kwenye barabara ya kutokea mjini. Goti lake moja halikukunjika, kwa hiyo alitembea kama mtu anayepima kiwanja. Watu walicheka chinichini aliposema kwamba ujanani, huko kwao, alikuwa akishindana kwa magari. Hakuwa bingwa, alieleza mwenyewe. Walikuwa vijana wa kawaida waliokutana siku za Jumapili, na yeye mara nyingi alifika karibu na mwisho. Lakini gari lake alilihifadhi miaka yote, na uzee ulipoanza kumkaribia akaliagiza. Lilikuja kwa treni hadi ng'ambo ya mto Lualaba, likavushwa kwa kivuko, likasukumwa kupanda mpaka mjini huku watoto tukilifuata kama tunavyofuata ngoma. Lilikuwa jembamba kama mtumbwi. Halikuwa na paa wala milango, na viti vyake vilikuwa viwili tu, vimebanana.

Alijaribu kuliendesha siku ile ile na goti lake lile. Lilinguruma mpaka karibu na soko, likatoa sauti ya chuma kutafuna chuma, likanyamaza. Watu wakasema moteri, yaani injini, imekufa. Likarudishwa kwa kusukumwa, na baba akaitwa.

Baba yangu, Kalonda, ndiye aliyekuwa fundi wa garaji. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa kamio, lori la pamba, na alisifiwa njia yote ya kwenda Kabambare. Sasa hakuendesha chochote. Akimaliza kutengeneza gari alimwita Amisi, dereva aliyechukua nafasi yake, alitoe nje, hata kama ni kulisogeza tu kivulini. Sababu yake ilikuwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, Alfonsi.

Alfonsi alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Siku moja alipanda kamio na baba kwenda kuchukua pamba. Kwenye daraja la miti, katika njia ya Kabambare, magogo yaliteleza na kamio likapinduka mtoni. Baba aliletwa hospitali ya Kasongo akiwa hana fahamu, mbavu zimevunjika. Alfonsi alizikwa na watu wa kijiji cha pale, wakiongozwa na katekista wao, kwa kuwa lile joto halikuruhusu kungoja. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu siku hizo hizo, hakuweza kusafiri. Baba alipopona hakutaka tena kuiona njia ile. Hivyo kaburi la mtoto wao hakuna aliyeliona, si baba, si mama.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule, nilipouliza yaya yuko wapi, shangazi alinijibu tu, "Alibaki kule darajani," akageuza uso.

Mtoto huyachukua maneno kama yalivyo. Mtu aliyebaki sokoni hurudi jioni, na aliyebaki shambani hurudi mvua ikikatika. Nilimwona Alfonsi akilini mwangu amekaa kando ya daraja, anavua samaki, anangoja gari la kumrudisha. Majirani walipoacha kumwita mama "Mama Alfonsi" wakaanza kumwita "Mama Feza", kwa jina langu, nilifikiri nimeazimwa cheo mpaka mwenyewe arudi. Lililonisumbua ni kwamba hakuna aliyekwenda kumchukua. Kisha likaja gari jekundu, nikaona viti viwili, kimoja cha baba na kimoja cha yaya, nikaelewa. Ndiyo maana baba hakuendesha magari mengine. Alikuwa anangoja hili.

Walilifungua lile gari kidogo kidogo. Bwana Polepole alikaa kwenye kisanduku, mguu umenyooka mbele, akikumbuka kwa sauti jinsi walivyofanya kwao, na baba akifanya. Walitoa kichwa cha moteri, wakatoa pistoni, wakavitoa vile vyuma virefu vinavyozishika. Huko ndani kila kishikio kina kitanda cha madini laini, ya jamii ya risasi, ili chuma kisisage chuma. Vitanda hivyo vilikuwa vimeyeyuka.

"Kalonda, iko namna gani?" Bwana aliuliza.

"Ilipata joto bila mafuta, Bwana. Tutamimina vitanda vingine."

"Juma hili?"

"Hapana, Bwana. Hii haitaki mbio."

Bwana alicheka kidogo kusikia hivyo. Baba hakucheka. Aliyayeyusha madini katika kikaango juu ya makaa, akachovya kijiti kuangalia kama kinabadilika rangi. Nafasi za kando aliziziba kwa udongo wa vyungu aliopewa na mama, madini yasivuje. Yalipopoa alianza kazi iliyochukua muda kuliko zote. Alipaka rangi ya buluu kwenye chuma, akafunga, akazungusha, akafungua, akatazama buluu imegusa wapi, kisha akakwangua pale tu, kipande chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Halafu akaanza tena. Jioni alirudi nyumbani na vidole vya buluu, na nilipenda kulala nikiwa nimekishika kimoja. Mara nyingine aliniruhusu kushika kijiti cha kusagia valvu, nikakipekecha kati ya viganja kama wazee wanavyopekecha moto, na yeye akasikiliza tu. Sauti ya kukwaruza ilipogeuka kuwa laini alisema, "Basi, hiyo imetosha."

Ndipo yakaja mambo ya mafuta. Moteri ile ya zamani haikutaka mafuta ya magari mengine. Ikipata moto iliyafanya mepesi kama maji. Ilitaka ya mbarika, na madebe aliyoyaagiza Bwana yalikuwa yametoboka ndani ya treni. Baba alileta habari hiyo nyumbani saa ya mama kutwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama Feza, Bwana anatafuta mafuta ya mbarika. Mengi, na safi."

"Ya nini?"

"Ya ile motokari."

Mama hakuacha kutwanga. "Motokari ilinichukulia mutoto, na sasa miye niipe mafuta?"

Baba akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba. Mimi niliona mama ameeleza vizuri kabisa. Ikiwa gari ndilo lililomchukua yaya, ni haki gari limrudishe. Nilishangaa tu kwamba mama mwenyewe hakutaka jambo hilo liharakishwe.

Kesho yake alikuja shangazi, dada wa baba, na mama akamwambia wakichambua mchele, "Tangu afungue ile moteri anakula. Hata usingizi anapata." Shangazi aliguna tu. Mama akapepeta ungo mara chache, kisha akaniita. "Feza, chukua kikapu. Twende kuchuma mbarika."

Tulichuma nyuma ya nyumba za watu, kandokando ya mashamba ya mpunga, mahali pote mbarika zilipojiotea. Mama alinionya nisitie mbegu mdomoni hata moja, na kweli zilitamanisha, zenye madoadoa na zinazong'aa kama mende wadogo. Tulizianika, tukazimenya, akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha, na mafuta yakapanda juu akayaengua. Kisha alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa mafuta ya nywele. Aliyarudisha motoni peke yake, akayaacha mpaka yakaacha kupasuka-pasuka, akayachuja kwa kitambaa, akayarudisha tena. Baba alikuwa amemweleza kwamba maji kidogo tu yakibaki yataharibu kazi yote. Mama alikuwa mtu wa Kabambare, Mubangubangu kwa kabila, na kwao kitu kikifanywa hufanywa mpaka mwisho, hata kama mtu hakipendi. Mimi nilimenya mbegu mpaka vidole vikauma. Kila chupa ikijaa niliona yaya amesogea karibu.

Siku ya kuliwasha watu walijaa mlangoni. Baba alimimina mafuta ya mama, akaunga nyaya, akazungusha manivele, mkono wa chuma wa kuwashia, mbele ya gari. Likakohoa. Akazungusha tena. Likakohoa, likatema moshi wa samawati, kisha likashika, na sauti ikatufika kifuani kabla ya masikio. Wengine walikimbia. Harufu ilijaa barabara nzima, harufu ya jikoni kwetu ikitoka kwenye bomba la gari. Bwana Polepole alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Nilimtafuta mama kati ya watu. Alikuwa nyuma kabisa, mdogo wangu mgongoni, kitambaa amejiziba pua.

Moteri iliyofunguliwa hivyo lazima iendeshwe kwanza taratibu, mwendo mrefu, vyuma vizoeane. Wao waliita rodaje. Bwana aliliangalia goti lake, akamwangalia baba.

"Utaiendesha weye, Kalonda."

"Bwana, miye siendeshi."

"Ninajua. Amisi akiipata ataikimbiza. Weye huwezi kukimbiza. Kama hutaki, tutaifunika turubai na tutaiacha."

Baba alirudi nyumbani. Baada ya kula akamwambia mama maneno ya Bwana.

"Njia gani?" mama aliuliza.

"Ya Kabambare. Zingine ziko na mchanga."

"Rodaje inafika darajani?"

"Inafika."

Mama aliondoa sahani. Baba akaongeza, kama mtu anayetafuta kizuizi, kwamba hawezi kwenda peke yake, kwa kuwa tangi liko nyuma na lazima mtu akae kiti cha pili kupiga pampu ndogo ya mkono, petroli isukumwe mbele. Amisi amesema hapandi kitu kisicho na paa.

"Miye nitapiga," nilisema.

Nilitegemea kukatazwa. Mama alinitazama, kisha akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Nenda naye. Ukiwa na huyu, utarudi."

Nilifikiri anasema kwamba nitamkumbusha njia.

Tuliondoka asubuhi, baba na karatasi ya Bwana mfukoni, kwa maana askari wangemsimamisha Mwafrika mwenye gari kama lile. Mimi nilikuwa na kifurushi mapajani. Ndani yake niliweka shati la Alfonsi nililolitoa kwenye sanduku, na karanga za kukaanga. Nilishapanga kwamba wakati wa kurudi yaya atakaa kitini, nami nitakaa juu ya magoti yake.

Tulikwenda mwendo wa baiskeli. Baba alishika usukani kama unaunguza. Mwanzoni jasho lilimtoka wakati bado kuna baridi ya asubuhi. Nilipiga pampu kila aliponiambia, na mafuta yakatupiga usoni matone madogo madogo. Baada ya vijiji vichache mabega yake yalishuka. Alisimama, akagusa moteri kwa kiganja, akanusa, akatazama chini kama inavuja. "Inaenda vizuri," alisema, na nikaona ameshangaa.

Kisha njia ikashuka, nikaona mto mdogo na daraja la miti. Baba alisimamisha gari mbali kidogo, moteri ikinguruma. Alikaa tu. Mimi sikuona sababu ya kukaa. Niliruka chini na kifurushi changu, nikakimbia mpaka mwanzo wa daraja, nikaanza kuita.

"Yaya Alfonsi. Yaya, tumekuja."

Nilitazama upande mmoja wa maji, nikatazama wa pili. Niliita tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu ya kelele ya moteri. Kisha kelele ikakatika, nikasikia maji peke yake, na miguu ya baba nyuma yangu.

"Feza, unaita nani?"

"Yaya. Alibaki hapa. Nimemletea shati."

Baba aliliangalia lile shati. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la njia, mtu mzima, akanivuta nikae karibu. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, na hata siku ile hakulia kama watu wanavyolia. Pumzi tu ilimwingia vibaya.

"Yaya yako alikufa, mama," alisema. Aliniita mama kama wababa wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Lini?"

"Siku ile ya kamio."

Nilifikiria. Mvua zilikuwa zimekuja na kwenda tangu siku ile. "Na sasa iko wapi?"

"Hapa. Walimuzika hapa. Miye vilevile sijapaona."

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka niliona aibu kwa ajili ya zile karanga, nikazificha nyuma. Na nakumbuka jambo ambalo baba alilisema akitazama mto, si mimi. "Magogo yalikuwa na utelezi. Nilishuka kuyaangalia kwanza. Niliyaangalia, Feza." Sikujua kwa nini ananieleza. Leo najua kwamba hakuwa amemwambia mtu yeyote, na kwamba alikuwa anahitaji mtu asiyejua kumhukumu wala kumfariji.

Hapakuwa na nafasi ya kugeuza gari upande wetu, ilibidi kuvuka. Baba alilipita daraja kwa miguu, akikanyaga kila gogo, akarudi, akawasha. Mimi nilitembea mbele, yeye nyuma yangu na gari, pole pole kuliko wakati wote. Ng'ambo tulilitafuta kaburi, tukalikuta chini ya mchikichi kama baba alivyoelezwa, lina msalaba wa vijiti. Baba alisimama ghafla. Mahali pale palikuwa pamefagiliwa. Mawe meupe yalipangwa pande zote, na udongo ulikuwa na mistari mipya ya ufagio. Tulitazama huku na huku. Kijiji chote kilikuwa mashambani. Baba alipiga magoti, nami nikapiga. Nilimuuliza kama nimwachie yaya shati lake. Alifikiri, akasema hapana, mdogo wangu akikua atalivaa.

Mama alikuwa amesimama barabarani tuliporudi. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Nilimwambia kabla baba hajashuka, "Mama, nimeona mahali yaya analala. Pamefagiliwa."

"Nani anafagia?"

Hatukujua. Aliuliza tena alipopakua chakula, na tena asubuhi, na siku iliyofuata. Mwishowe baba alikwenda kwa Bwana Polepole, na alinieleza mazungumzo yao miaka mingi baadaye, akitabasamu kidogo.

"Bwana, rodaje haijaisha."

"Haijaisha? Moteri inalia kama mupya."

"Haijaisha, Bwana."

Bwana aliandika karatasi nyingine.

Hivyo mama, ambaye hakutaka gari lipewe mafuta, alipanda gari la mashindano siku ya Jumapili, kitambaa kimekazwa kichwani, pampu mkononi. Watu wa Kasongo walilizungumzia jambo hilo kuliko walivyozungumzia gari lenyewe. Baba aliendelea kulitunza mpaka Bwana alipoondoka nalo, wakati Wazungu wengi walipokuwa wakiondoka. Kila likitumika aliyamwaga mafuta yangali moto, kwa sababu ya mbarika yakilala hugeuka gundi, akaosha chujio, akafuta kila kitu. Baadaye alirudi kwenye kamio, na hakuna daraja ambalo hakulipita kwanza kwa miguu. Nyumbani tulianza kutaja jina la Alfonsi, kwanza kwa uoga, halafu kama jina la mtu yeyote.

Lakini ile Jumapili mama alirudi amechelewa, nguo nzima ina matone ya mafuta. Kwanza alimlaza mdogo wangu. Ndipo akanieleza kwamba walimkuta mwanamke mmoja pale kaburini, ameinama, mzee kidogo kuliko yeye, mwenye nyumba ya kwanza baada ya daraja. Mama alimsalimu kwa Kibangubangu, akamuuliza ni nani aliyemtuma kufagia pale.

"Hakuna aliyenituma," yule mwanamke alisema. "Niliona ni mutoto wa mutu."

Mama alimwomba ufagio. Mwanamke yule akampa, akaenda kukaa pembeni na baba, wakamwachia mama mahali pale afagie.